Ng'ombe wa Ndalahwa na Homa ya Fortunatus

Fortunatus alizaliwa Ruponda, katika ukoo wa Wamakua ambao babu yao alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, akapewa pori la kufyeka, akabaki. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Ukimwuliza jambo alinyamaza kwanza, akajibu baadaye, mpaka wageni wakadhani hakusikia.

Ujanani alikwenda Namungo, upande wa Ruangwa, kuchimba dhahabu. Hakupata dhahabu ya maana. Alichorudi nacho ni mapenzi ya mpira, na kovu refu lililoanzia chini ya kifua likashuka hadi karibu na kitovu. Siku moja ukuta wa shimo ulimporomokea. Wenzake walimfukua akiwa hai, lakini bandama ilikuwa imepasuka, na madaktari waliomwokoa waliitoa. Kabla ya kumruhusu walimwambia kwamba mwili wake sasa umepungukiwa na kinga, asije akapuuza homa hata iwe ndogo. Alisikia. Lakini alikuwa kijana, kidonda kilifunga vizuri, miaka ikapita, na kovu likawa kitu cha kuwaonyesha watoto wa jirani walipomwomba.

Alimwoa Winfrida, binti wa kijiji cha Marambo, akahamia kwao. Walilima ufuta, mbaazi na mihogo, na walikuwa na mikorosho ya kuwatosha. Walipata mtoto mmoja tu, Magreti, ambaye sasa ameolewa Nachingwea mjini. Winfrida alikuwa mrefu kumzidi mumewe na msemaji kumzidi mara kumi. Walipokuwa wawili nyumbani, yeye alizungumza na Fortunatus akacheka, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo walivyoishi.

Kitu kimoja kilimpa Fortunatus sifa kijijini, nacho ni panya. Sisemi panya wa nyumbani, wale hakuna anayewala. Nasema panya wa shambani, wanene, wanaokula ufuta na mbaazi zetu hadi wang'ae. Mashamba yakishavunwa, watu huwatafuta kwenye mashimo yao. Fortunatus alikuwa akitazama mlango wa shimo anajua kama mwenyewe yumo. Alichimba, akawaua, akawatia kwenye kiroba, akakibeba mgongoni hadi nyumbani, kiroba kikiwa kimegusana na shati lake lililoloa jasho. Winfrida aliwachoma, akawatia chumvi, akawapanga kwenye vijiti. Nyumba yao haikukosa wageni msimu huo.

Ndalahwa alifika Marambo miaka michache iliyopita na mkewe Limi, watoto wao Amosi na Eliza, na ng'ombe. Walitoka upande wa Shinyanga, wakakaa Ifakara, wakaondolewa huko, wakateremka hadi kusini. Watu wa Marambo hawakuwazoea wafugaji. Kwetu mtu alikuwa na mbuzi wawili na kuku, basi.

Urafiki wao ulianzia kwenye ugomvi ambao haukutokea. Ng'ombe wa Ndalahwa waliingia usiku kwenye mbaazi za Fortunatus wakala robo ya shamba. Asubuhi, kabla Fortunatus hajajua, Ndalahwa mwenyewe alikuja uani, fimbo mkononi, akasimama mbali.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma, kisha akakumbuka alipo. "Habari ya asubuhi, mzee. Ng'ombe wangu wamekula mbaazi zako. Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu."

Fortunatus alinyamaza muda mrefu, kama kawaida yake. Ndalahwa akadhani amekasirika mno.

"Umekunywa chai?" Fortunatus akamwuliza.

Msimu uliofuata Ndalahwa alileta maksai na plau, akalima shamba lote ambalo Fortunatus na Winfrida walikuwa wakililima kwa jembe la mkono. Tangu hapo wakawa ndugu. Jumapili ya mechi walikaa pamoja kwenye redio, ingawa Ndalahwa hakuelewa kabisa mpira na aliuliza kila mara ni timu gani inayoshinda. Limi hakujua Kiswahili kingi, na Winfrida hakujua Kisukuma hata neno, lakini walisaga na kupepeta pamoja. Eliza, aliyekuwa akisoma shule ya kijiji, alikaa katikati akiwatafsiria, na wakati mwingine aliacha kutafsiri kwa sababu wote wawili walikuwa wakicheka.

Homa ilianza mwanzoni mwa kiangazi. Fortunatus alirudi shambani mchana akajifunika blanketi juani. Winfrida alimpeleka zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, wakampa dawa za maumivu. Homa ikatulia siku kadhaa, akarudi kwenye mashimo ya panya, kisha ikamrudia kwa nguvu zaidi. Wakapima tena, malaria hakuna. Wakampa dawa za taifodi. Ikatulia, ikarudi. Usiku alitoka jasho mpaka godoro likaloa, na asubuhi viungo vilimuuma kana kwamba amepigwa. Alianza kukonda. Suruali zake alizifunga kwa kamba.

Kisha mguu wa kushoto ulivimba, kuanzia kwenye kifundo hadi gotini, ukawa mgumu na wa moto.

"Baba Magreti, twende Nachingwea," Winfrida alimwambia.

"Ngoja tumalize kuvuna mbaazi."

"Mbaazi zitavunwa na watu."

"Watu gani?" Fortunatus alisema, akafumba macho.

Waliovuna ni Ndalahwa na Amosi. Walikuja alfajiri, wakafanya kazi bila kuitwa, wakazileta uani zikiwa zimepurwa. Lakini macho ya kijiji hayakuliona hilo. Kiangazi hicho watu wengine wawili watatu walipata homa isiyoeleweka, mmoja wao mtoto wa dada yake Twaha, mwenyekiti wa kijiji. Walipona wenyewe, ila hofu ilibaki. Na mtu mmoja aliyewahi kusikia redioni kwamba kupe huambukiza binadamu magonjwa akalisema hilo kilabuni, nalo likatembea. Kupe wanatoka wapi? Kwa ng'ombe. Ng'ombe ni wa nani? Na kwa nini aliyeugua kuliko wote ni yule anayeshinda na Msukuma?

Mwishoni mwa Agosti Twaha aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Twaha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na kesi za ng'ombe na mashamba, na sasa watu walimjia kila siku na maneno ya ugonjwa. Fortunatus alifika amekaa nyuma ya pikipiki, mguu umenyooshwa pembeni, Winfrida akitembea ubavuni kumshikilia.

Ashraf, kijana mwenye shamba kubwa la ufuta karibu na malisho, ndiye aliyezungumza zaidi. Alisema kabla ng'ombe hawajaja hakuna aliyejua kupe ni nini hapa. Watu wakaitikia. Ndalahwa alikaa chini peke yake, kofia ameivua, akitazama mchanga.

Fortunatus aliomba kusema. Hakuweza kusimama, akasemea alipokaa.

"Mimi ndiye ninayeumwa. Sijamshitaki mtu. Huyu amenivunia mbaazi zangu. Kama ugonjwa ungetoka kwa ng'ombe, angeanza yeye anayelala nao."

"Mzee Fortunatus," Twaha akamwuliza kwa upole, "tuambie kweli. Umewahi kuona kupe mwilini mwako?"

Angeweza kusema hapana. Alikaa kimya, na safari hii kila mtu alisubiri.

"Nimewaona," alisema. "Mgongoni. Zaidi ya mara moja."

Uwanja ukaguna. Fortunatus aliinua mkono kuendelea, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Waliamua ng'ombe waondoke kabla mwezi ule haujaisha.

Ndalahwa hakubishana. Alikuwa ameshaondolewa sehemu nyingine, alijua mikutano ya namna hiyo inavyokwisha. Kilichomuuma ni Eliza. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba, na alikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo. Winfrida alijitolea kubaki naye mpaka afanye mtihani. Limi alikataa. Alisema, na Eliza mwenyewe akatafsiri huku akitazama kando, "Mama anasema hawezi kumwacha mtoto mahali ambapo watu wanasema sisi ni ugonjwa."

Waliondoka asubuhi kuelekea Ruangwa. Ndalahwa alipita kumuaga Fortunatus, akamkuta amelala kwenye mkeka uani.

"Nisamehe," Fortunatus alimwambia. "Nilisema kweli, ikakupiga wewe."

"Uliulizwa, ukajibu," Ndalahwa alisema. "Mimi pia ningejibu hivyo. Nenda hospitali, rafiki yangu. Mguu huo si wa kukaa nao nyumbani."

Wiki hiyohiyo Magreti alikuja na gari la kukodi, akamchukua baba yake kwa lazima. Kutoka Nachingwea walipelekwa hospitali kubwa zaidi, na huko ndiko walikokutana na Daktari Doreen. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka ya kutembea lakini asiye na haraka ya kuuliza. Alipima mguu kwa mashine, akawaambia kwamba damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa. Akaanza kumchoma sindano za kuzuia isigande zaidi. Kisha akaliona kovu.

"Baba, hapa palikuwa na nini?"

"Bandama. Ilitolewa nilipokuwa Namungo."

Daktari akavuta kiti, akakaa. Akaanza kumwuliza maisha yake: anaamka saa ngapi, analima nini, anakula nini, anafuga nini. Fortunatus alimweleza ng'ombe wa rafiki yake na kupe aliowaona mgongoni. Alipofika kwenye panya, daktari akamtaka aseme vizuri. Wanakamatwa vipi? Wanabebwa vipi?

"Kwenye kiroba, mgongoni."

"Wakiwa wamekufa?"

"Wamekufa, ndiyo."

"Na kupe uliowaona mgongoni uliwaona siku za ng'ombe au siku za panya?"

Fortunatus alifikiri. Winfrida, aliyekuwa akimkuna na kumfulia mashati, ndiye aliyejibu.

"Siku za panya. Nilikuwa nawatoa jioni akirudi kuwinda. Wadogo sana, kama punje ya mtama. Wa ng'ombe ni wakubwa, nimewaona kwa Limi, si wale."

Daktari aliwaeleza taratibu. Kupe hukaa kwenye panya akiwa na joto. Panya akifa mwili unapoa, na kupe anatoka kutafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili uliokuwa karibu kuliko yote ni mgongo wa Fortunatus. Alisema kuna vijidudu ambavyo panya hukaa navyo bila kuonekana mgonjwa, na kupe huvihamisha. Mtu mwenye mwili kamili huweza kupata homa akapona bila hata kujua. Lakini asiye na bandama, vijidudu hivyo hukaa ndani ya damu yake kwa miezi, vinaleta homa inayokuja na kuondoka, na vinafanya damu igande.

"Sina uhakika," alisema. "Ugonjwa wenyewe ni mgeni hata kwetu sisi madaktari. Nitatuma damu Dar es Salaam wakaitazame kwa vipimo ambavyo hapa hatuna. Majibu yatachelewa, na mimi sitayasubiri. Kuna dawa ya kawaida inayoua vijidudu vya aina hiyo. Tunaanza leo."

Dawa yenyewe ilikuwa doksisaikilini, vidonge ambavyo hata maduka ya dawa ya Nachingwea huwa navyo. Winfrida alivitazama mkononi mwa nesi, akageuka ukutani akalia.

Baada ya siku chache homa iliondoka, na safari hii haikurudi. Fortunatus aliamka akaomba ugali. Akala, akaomba mwingine. Rangi ilimrudia usoni. Alimwambia Magreti ampigie Ndalahwa.

"Rafiki yangu," alisema kwenye simu, na Winfrida anasema hakuwahi kumsikia akiongea haraka namna ile. "Si ng'ombe. Ni panya wangu mwenyewe. Nilijibebea mgongoni. Nikitoka hapa naenda kwa Twaha, nasimama palepale uwanjani, nawaambia wote. Mtarudi."

Ndalahwa alimwambia apone kwanza.

"Nimepona," Fortunatus alisema.

Kesho yake kabla ya saa sita mchana, Winfrida alikuwa akimmiminia uji. Fortunatus alikaa kitandani, akasema kifua kinambana. Kisha akamwita Winfrida, siyo Mama Magreti, bali kwa jina lake. Manesi walikuja wakikimbia, na daktari baada yao. Bonge la damu lililokuwa mguuni lilikuwa limepanda hadi kwenye mapafu. Sindano zilikuwa zikifanya kazi yake, lakini bonge lile lilikuwa la miezi, na halikungoja. Alikufa akiwa amepona homa.

Daktari Doreen alikaa na Winfrida kwenye benchi la nje. Baadaye alisema, "Angekuja Juni ningeweza," kisha akaona amesema jambo la kumwumiza mtu, akamshika mkono.

Fortunatus alizikwa Ruponda kwa wazee wake. Watu wa Marambo walikuja wengi, kwa lori na kwa pikipiki, Twaha akiwa mbele yao na Ashraf nyuma. Kaburi lilikuwa linaendelea kuchimbwa Ndalahwa alipofika na Amosi. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri. Ndalahwa alisimama kando ya watu. Kisha alivua koti, akamkabidhi Amosi, akamwendea kijana aliyekuwa ndani ya kaburi akanyoosha mkono kuomba koleo. Kijana alipanda, Ndalahwa akashuka. Alichimba hadi mwisho.

Padri alipomaliza, Twaha alimfuata.

"Ndalahwa, simu uliyopigiwa na marehemu, mkewe ameniambia yaliyosemwa."

"Ndiyo, mzee."

"Tutaongea."

"Leo tumzike," Ndalahwa alijibu.

Majibu ya Dar es Salaam yalikuja Winfrida akiwa bado amevaa kitambaa cheusi kichwani. Daktari alipiga simu mwenyewe. Walivikuta vijidudu kwenye damu, vilevile alivyovidhania. Winfrida aliomba aseme tena, na akampelekea Twaha simu ikiwa hewani, ili asikie kwa sikio lake. Twaha alisikiliza, akauliza maswali mawili, akashukuru.

Aliitisha mkutano tena. Safari hii aliongea yeye peke yake, kwa muda mfupi. Alisema ugonjwa ulikuwa wa panya na siyo wa ng'ombe, na kwamba kijiji kimemkosea mtu. Mganga wa zahanati aliwaeleza watu wasibebe panya wakigusana na mwili, wawaache kwanza chini mbali wapoe, na wakaguane migongo wakirudi. Na mtu yeyote aliyewahi kutolewa bandama, au mwenye maradhi yanayopunguza kinga, asiwinde. Ashraf alisikiliza akiwa amejikunyata.

Twaha na Winfrida walikwenda Ruangwa kumtafuta Ndalahwa na familia yake. Waliwakuta mbali na barabara, kwenye nyumba ya miti isiyokandikwa bado. Ng'ombe walikuwa wamepungua, wengine walikufa njiani kwa kukosa maji. Eliza alikuwa akipika. Mtihani ulishapita. Alikuwa ameandikishwa kuufanyia Marambo, na hakukuwa na mtu wa kumrudisha siku hiyo.

Twaha alisema yote aliyokwenda kuyasema, bila kujitetea. Alisema warudi, na kwamba atasimamia mwenyewe Eliza arudie darasa.

Ndalahwa alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mzee," alisema. "Lakini sirudi. Nikirudi, homa nyingine ikija mtanitazama tena. Hamtapenda kunitazama, ila mtanitazama. Mimi sitaki kukaa hivyo."

Twaha alitazama chini, akakubali kwa kichwa.

Winfrida na Limi walikuwa wamekaa ndani. Eliza hakuwa nao kuwatafsiria, na hawakumwita. Limi alikuwa amejifunza maneno ya pole, akayasema moja baada ya jingine kama mtoto anayesoma, na Winfrida, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa la kusema, aliweka kichwa begani mwa mwenzake akanyamaza. Walikaa hivyo mpaka Twaha akabisha mlangoni kusema mwenye pikipiki anataka kuwahi mvua.

Winfrida bado anaishi Marambo. Magreti amemtaka ahamie mjini, hataki. Mwaka ule mvua zilipoanza, watu walimlimia shamba lake lote kwa siku moja, Ashraf akiwa miongoni mwao, na yeye aliwapikia na kuwashukuru kila mmoja kwa jina. Walipoondoka aliketi kwenye ukingo wa shamba, akiwa na mbegu za mbaazi kwenye kanga, akisubiri udongo ukauke kidogo ndipo apande.